JICHO LA KAMERA NDANI YA KOMPYUTA

Maneno ya somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Maisaka, Babati

Haya ndiyo maneno ya somo letu, yamepigwa chapa ili kila mmoja apate kuyasoma polepole baada ya redio kufungwa. Neno lisilosomeka mara ya kwanza, lirudie. Aliye na kompyuta karibu naye na aiwashe. Asiye nayo asihuzunike, kwani sehemu kubwa ya somo hili aweza kuifanya kwa macho yake, mkasi, na kipande cha boksi.

Leo twazungumza juu ya kamera. Lakini si kamera ile aliyoivaa shingoni mpiga picha wa stendi. Kamera ya leo haina uzito wala betri, na huwezi kuiangusha ikavunjika. Imo ndani ya programu ya kompyuta. Hutumiwa na watu watengenezao picha za mwendo, yaani maumbo na maandishi yanayotembea, kama yale uyaonayo kabla ya taarifa ya habari kuanza katika televisheni, au zile katuni fupi zinazotumwa katika simu kueleza namna ya kunawa mikono.

Programu tutakayoitumia yaitwa Blender. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa: hutolewa bure, na ukiisha kuiingiza katika kompyuta yako haihitaji intaneti kila siku. Mholanzi mmoja, Ton Roosendaal, alianza kuitengeneza mwaka 1994. Baadaye kampuni yake ilishindwa kuendelea. Basi mwaka 2002 watu wa nchi nyingi wakachanga yuro 100,000 katika muda wa majuma saba tu, ili programu ile inunuliwe na kuachwa wazi kwa kila mtu. Sisi tunalo neno la jambo kama hilo, nalo ni harambee. Wala msidhani kwamba kitu cha bure ni kitu dhaifu. Filamu ya katuni iitwayo Flow, iliyotengenezwa Latvia mwaka 2024, ilifanywa kwa programu hii hii, na mwezi wa Machi 2025 ilipata tuzo ya Oscar.

Haya. Kwa nini mtu wa Maisaka ajisumbue na mambo ya kamera ya kompyuta?

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mvua kubwa ilinyesha Hanang, sehemu ya mlima ikamomonyoka, na tope pamoja na mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ni jirani zetu hasa. Ukishika barabara ya Singida kutoka hapa Babati utafika Katesh. Wengi mnao ndugu huko.

Sasa tuseme kikundi chenu kimeamua kutengeneza picha fupi ya mwendo, ya dakika moja, ya kuwaeleza watu waishio chini ya milima namna tope lishukavyo na mahali pa kukimbilia. Picha hiyo itaonwa na mama aliye shambani, na mtoto, na mzee asiyejua kusoma. Hawatakuwa nawe wa kuwaeleza. Watakayoyajua ni yale tu ambayo kamera imewaonyesha. Ukiiweka kamera mahali pabaya, mtu atadhani mlima uko mbali naye. Ukiigeuza ovyo, hatajua kama tope laja kutoka kulia au kutoka kushoto. Hapo kosa la kamera si kosa la urembo tena.

Tuanze na jambo la kwanza, ambalo huwatatiza karibu wote wanaoanza. Ndani ya programu yako macho mawili. Liko jicho la fundi, na liko jicho la kamera. Jicho la fundi ni lako wewe unayefanya kazi. Kwalo waweza kuzunguka huku na huku, ukapanda juu, ukachungulia nyuma ya nyumba, ukasogea karibu na mti. Ukifanya hivyo hakuna kitu kinachohama. Ni wewe tu umetembea. Jicho la kamera ni jingine. Ndilo litakaloonyesha picha kwa watazamaji. Mwanafunzi huhangaika saa nzima kupanga nyumba na miti, akaona katika kioo cha kompyuta mambo yote yamekaa vizuri sana. Kisha anabonyeza kitufe cha F12 ili apate picha kamili, na picha inayotoka ni ya ukuta mtupu! Haikuharibika kompyuta. Yeye alitazama kwa jicho la fundi, na kamera ilikuwa imesimama mahali pengine ikitazama ukuta.

Kwa hiyo jifunzeni kwanza kitufe kimoja: namba 0 katika vile vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi. Ukikibonyeza, unaingia katika jicho la kamera. Utaona umbo la mstatili, na nje yake pamefifia kidogo. Kilichomo ndani ya mstatili kitaonekana katika picha, na kilicho nje hakitaonekana. Bonyeza 0 tena, unarudi ulikokuwa. Mimi naona ni vyema kuzoea kubonyeza kitufe hiki kila baada ya dakika chache, kama mpishi aonjavyo mchuzi.

Laptopu nyingi ndogo hazina vitufe hivyo vya namba upande wa kulia. Msitupe kompyuta zenu. Juu ya kioo cha programu liko neno «View». Bofya hapo, na orodha ya njia zote za kutazama itafunguka. Tena iko njia ya kuiambia programu izitumie namba za juu ya herufi badala ya zile za pembeni. Hiyo hupatikana katika mipango ya programu, sehemu ya vifaa vya kuingizia.

Sasa namba nyingine. Namba 7 hukupeleka juu, ukatazama chini kama mwewe. Namba 1 hukuweka mbele ya kitu. Namba 3 hukuweka ubavuni, upande wa kulia. Ukishikilia kitufe cha Ctrl pamoja na namba hizo, unapata upande wa pili: badala ya juu, chini, badala ya mbele, nyuma, badala ya kulia, kushoto. Ukitaka kuzunguka kwa hiari yako, shika gurudumu la katikati la kipanya, kile ambacho wengi hukiita mausi, ukalibonyeza na kukisogeza. Ukilizungusha gurudumu lenyewe, unakaribia au unarudi nyuma. Ukipotea kabisa, na hutokea kupotea, bonyeza kitufe cha Home, na vitu vyote vitaonekana tena.

Katika pembe ya juu ya kioo kuna alama ndogo ya mistari mitatu ya rangi. Mwekundu ni wa kulia na kushoto, wa kijani ni wa mbele na nyuma, na wa bluu ni wa juu na chini. Ichukueni kama dira. Kama mkiamua kwamba mstari wa kijani waelekea kaskazini, basi namba 7 itawapa picha kama ramani ya shuleni, kaskazini juu na mashariki kulia.

Sasa nataka mfahamu kitu ambacho vitabu vingi hukipita upesi. Ukiisha kubonyeza 7 au 1 au 3, programu haikuweki tu mahali fulani. Hubadili pia namna ya kuona. Inaacha kuona kama jicho na kuanza kuona kama ramani ya nyumba. Mafundi wajenzi mnajua. Katika ramani ya nyumba, chumba cha mbele na chumba cha nyuma vyote huchorwa kwa kipimo kimoja. Cha nyuma hakipungui kwa kuwa kiko mbali. Ndivyo ilivyo hapa. Lakini jicho la mtu haliko hivyo. Simama barabarani utazame nguzo za umeme zielekeazo Arusha: ya kwanza ndefu, ya pili fupi kidogo, ya kumi kama njiti. Nguzo zote ni sawa, ila macho hupunguza kila kilicho mbali. Namba 5 ndiyo ibadilishayo namna hizi mbili, mwono wa jicho na mwono wa ramani.

Ipi ni bora? Hutegemea swali analotaka kujibiwa mtazamaji. Kama swali ni «Mlima una mwinuko gani?» tumia mwono wa ramani kutoka ubavuni. Kama swali ni «Bonde lapita wapi kati ya nyumba zetu?» tumia mwono wa ramani kutoka juu. Kama swali ni «Nikisimama mlangoni nitaona nini?» hapo hapana budi kutumia mwono wa jicho.

Jambo la kuchagua upande si geni katika nchi yetu. Nendeni Kolo, katika barabara ya Kondoa, mkatazame michoro ya kale katika miamba, ile iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wanyama wengi wamechorwa kutoka ubavuni. Twiga akichorwa kutoka mbele shingo yake haisomeki vizuri, bali ubavuni hata mtoto atamtambua. Wachoraji wale hawakuwa na kitufe namba 3, lakini uamuzi waliufanya.

Sasa tuje kwenye lenzi. Kamera mpya katika programu hii huja na lenzi ya milimita 50. Namba hiyo waweza kuibadili. Ukiteremsha hadi 24, kamera inaona eneo pana zaidi. Ukipandisha hadi 100, inaona eneo dogo, na kilichomo kinakuzwa. Watu wengi hudhani lenzi ni kitu cha kukuza tu. Haya, sikilizeni hesabu hii, na mwenye kalamu aandike.

Tuseme mbele yako iko nyumba ya kimo cha mita 3, na nyuma yake, mbali, uko mlima kama Kwaraa wetu. Kwa ajili ya hesabu tu, tuuchukulie mlima umepanda mita 1,000 juu yako, nao uko umbali wa mita 5,000. Simama mita 6 kutoka kwenye nyumba. Gawa kimo kwa umbali: 3 kwa 6 ni nusu. Gawa mlima vilevile: 1,000 kwa 5,000 ni moja ya tano. Nusu ni kubwa kuliko moja ya tano. Kwa hiyo machoni pako nyumba ni ndefu kuliko mlima, na mlima unajificha nyuma ya bati.

Sasa rudi nyuma hadi uwe mita 60 kutoka kwenye nyumba. 3 kwa 60 ni moja ya ishirini. Mlima je? Umeongeza mita 54 tu katika mita 5,000, kwa hiyo haukupungua kitu cha kuonekana. Bado ni karibu moja ya tano. Sasa mlima waizidi nyumba mara nne. Nyumba ni ile ile na mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali uliposimama.

Hapo ndipo lenzi inapoingia. Ukiwa mita 6 ulitumia lenzi ya milimita 24. Ukiwa mita 60 nyumba imekuwa ndogo mno, basi unaweka lenzi ya milimita 240 ili irudie ukubwa wake. Nyumba inarudi sawasawa. Lakini mlima nao umekuzwa mara kumi, ukajaza picha hata kilele kinakatika. Unaonekana kana kwamba umeegemea ukuta wa jikoni.

Sasa fikirini picha yetu ya tope. Fundi wa kwanza anatumia lenzi ya 24 karibu na nyumba. Mtazamaji anaona kilima kidogo kule mbali, anasema, «Halitafika kwangu.» Fundi wa pili anatumia 240 kutoka mbali. Mtazamaji anaona mlima unaangukia paa, anaogopa, labda anahama mahali palipo salama. Wote wawili hawakusema neno la uongo. Kamera ilisema kwa niaba yao. Shauri langu ni hili: katika picha ya kufundisha, weka kamera mahali ambapo mtu halisi angesimama, kwa kimo cha macho ya mtu, yaani kama mita moja na nusu juu ya ardhi, na lenzi isiende mbali na 50. Kisha umbali wa kweli uandike kwa tarakimu katika picha, mita ngapi kutoka mlimani hadi nyumbani. Tarakimu haikuzwi na lenzi.

Tukiwa hapo, nitawapa kisa cha zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kazi ya kutengeneza sinema za kufundishia watu wa Afrika ya Mashariki. Waliiongoza Waingereza wawili, Notcutt na Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza sinema zipatazo 35, juu ya safura, kodi, kuweka akiba posta na mengineyo, wakazichukua kwa lori kutoka mji hadi mji. Kazi hiyo, na nyingine za namna hiyo zilizofuata, zilizusha mabishano mengi kati ya wakubwa wa serikali za kikoloni: je, mtu asiyesoma aweza kufahamu picha iliyokuzwa? Katika mabishano hayo kilisimuliwa sana kisa cha mbu. Ilionyeshwa picha ya mbu aliyejaza kitambaa chote cha sinema. Watazamaji, kwa hadithi hiyo, walijibu kwamba kwao hakuna hatari, maana mbu wa kwao ni wadogo.

Kisa hicho kilisimuliwa ili kuwacheka watazamaji. Mimi nakisoma vingine. Mtazamaji alisema kile hasa alichoonyeshwa. Picha haikuwa na kitu cha kulinganishia. Lau angewekwa mbu juu ya mkono wa mtu, kisha kamera ikasogea polepole kutoka mkono mzima hadi kwa mbu, nani asingefahamu? Aliyekosea ni mwenye kamera. Basi nanyi mnapokuza kitu, msirukie ukubwa wa mwisho. Anzeni na kitu ambacho mtazamaji anakijua kimo chake, kama mtu, ng'ombe, ndoo au mlango, ndipo msogee.

Kusogea huko katika programu hufanywa hivi. Chini ya kioo uko mstari wa wakati wenye namba. Kila namba ni picha moja. Programu hii, kama hukuibadili, huonyesha picha 24 katika sekunde moja, na mstari huishia namba 250, yaani zaidi kidogo ya sekunde 10. Simama katika namba 1, ichague kamera, uiweke mahali pa kuanzia, ubonyeze herufi I. Programu inakumbuka mahali pale. Kama ikikuletea orodha ikuulize unataka kukumbuka nini, chagua mahali na mgeuko. Kisha nenda namba 200, isogeze kamera mahali pa kumalizia, ubonyeze I tena. Njia iliyo katikati programu itaitembea yenyewe. Haya ni matamu sana, na kwa sababu ya utamu huo wanaoanza huizungusha kamera kama nzi ndani ya chupa. Watazamaji wanapata kizunguzungu tu. Kamera isogee ikiwa ina kitu cha kuonyesha, vinginevyo ikae kimya.

Namna rahisi ya kuiweka kamera mahali upatakapo ni hii: zunguka kwa jicho lako la fundi mpaka upendezwe na unachokiona, kisha shikilia Ctrl na Alt pamoja na namba 0. Kamera itakuja kusimama pale ulipo. Wengine hupenda njia ya pili, ya kuifunga kamera kwa jicho lao. Bonyeza herufi N, upande wa kulia utafunguka ubao mdogo, na katika sehemu ya «View» kuna kisanduku cha kuitia kamera kufuli. Ukikitia alama, ukiwa ndani ya namba 0, kila unakotembea kamera yaja nawe. Lakini ukimaliza ondoa alama hiyo. Ukisahau, utaiharibu kamera uliyoipanga vizuri huku ukidhani unatazama tu.

Sasa mwelekeo. Tuseme mlima uko kaskazini na tope lashuka kwenda kusini. Ukiiweka kamera upande wa mashariki wa bonde, ikitazama magharibi, tope litatoka kulia likaenda kushoto. Ukiiweka upande wa magharibi, ikitazama mashariki, tope lile lile litatoka kushoto likaenda kulia. Ukizichanganya picha hizo mbili, moja baada ya nyingine, mtazamaji ataona tope linakwenda kisha linarudi. Kwa mtu anayetaka kujua akimbilie wapi, hilo ni jambo la hatari. Chagueni upande mmoja wa bonde, kamera zote zikae upande huo. Mkilazimika kuvuka, vukeni kwa picha ya juu, ile ya namba 7, ili mtazamaji auone mlima na bonde na nyumba kwa pamoja. Picha hiyo ya juu ndiyo itakayobeba shauri lenyewe: usikimbie kulifuata bonde kuteremka, maana tope hulifuata bonde hilo hilo kwa kasi kuliko wewe, toka pembeni, upande ulio karibu, upande mwinuko. Chora mshale. Mshale hauonekani vizuri katika picha nyingine yoyote kama uonekanavyo katika picha ya juu.

Kamera zaweza kuwa nyingi katika kazi moja. Inayotumika huchaguliwa kwa kuibofya kisha kubonyeza Ctrl na namba 0. Ziko njia za kuzipa zamu katika mstari wa wakati, lakini hizo tuziache kwa somo jingine.

Kuna shida moja itakayowakuta hakika mkianza kutengeneza mlima. Mtajenga Hanang yenu, mtabonyeza 0, na mlima haupo! Kamera hii ina mwisho wa kuona. Katika mipango yake kuna namba mbili, mwanzo na mwisho. Kilicho karibu kuliko mwanzo hakionekani, na kilicho mbali kuliko mwisho hakionekani. Mara nyingi mwisho ni mita 1,000, na katika matoleo ya zamani mita 100 tu. Mlima ulio mita 5,000 umekwisha kukatwa. Waweza kuiongeza namba ya mwisho. Au, na hii naona ni bora kwa kompyuta zisizo na nguvu, jengeni kwa kipimo kidogo: mita 100 za kweli ziwe mita 1 katika programu. Hanang, ambao kilele chake ni zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari na chini yake mji wa Katesh uko juu tayari, utakuwa na kimo cha mita chache tu, na nyumba ya mita 3 itakuwa na sentimita 3. Hapo kumbukeni kuishusha ile namba ya mwanzo, isije ikaifuta nyumba mliyoisogelea. Na kipimo kiwe kimoja kwa kwenda juu na kwa kwenda kando. Kuurefusha mlima ili upendeze ni kuwadanganya watu juu ya mwinuko wanaoishi nao.

Kamera hii yaweza pia kutia ukungu, kitu kimoja kikaonekana wazi na vingine vikafifia, kama picha za harusi. Katika picha ya tope usiutumie. Mtu anayetazama katika simu yenye kioo kilichopasuka, juani, hana haja ya kuongezewa ukungu.

Na kwa kuwa watazamaji wetu wengi watatumia simu, angalieni umbo la picha. Programu huanza na picha ya kulala, 1,920 kwa 1,080. Simu hushikwa kwa kusimama. Mkizigeuza namba hizo ziwe 1,080 kwa 1,920, picha itasimama, lakini pande za kulia na kushoto zitakatwa. Mkiisha kubadili, ingieni tena katika namba 0 mkague. Nyumba iliyokuwa pembeni, na yule mtu aliyesimama mlangoni, huenda wako nje ya mstatili.

Sasa kazi ya juma hili, kwa wenye kompyuta na wasio nayo.

Chukueni kipande cha boksi. Kateni dirisha la sentimita 16 kwa sentimita 9. Fumba jicho moja, ushike dirisha hilo mbele ya jicho la pili kwa umbali wa sentimita 22. Unayoyaona ndani yake ndiyo ambayo kamera ya lenzi 50 ingeyaona. Lisogeze hadi sentimita 11: hiyo ni karibu na lenzi 24. Nyosha mkono hadi sentimita 44: hiyo ni lenzi 100. Mwenzako ashike rula, maana wengi hukisia vibaya.

Nendeni mahali muwezapo kuona nyumba moja na mlima Kwaraa kwa pamoja. Simameni kwanza hatua 8 kutoka kwenye nyumba, mtazame kwa sentimita 11. Kisha rudini nyuma hatua 80, mtazame kwa sentimita 44. Kila mmoja aandike sentensi tano: nyumba imekuwaje, mlima umekuwaje, na kama angetaka kumwonya mwenye nyumba ile angeichagua picha ipi. Leteni madaftari siku ya kukutana, na msiojivunia mwandiko wenu msome kwa sauti kwanza.